Kwa Miguu Tukitafuta Vitabu Dar es Salaam

Safari hii ilianzia jikoni kwa Mama Elia. Jioni moja alikuwa akisonga ugali huku mwanawe, mtoto wa miaka 11 aliye darasa la tano, akimsomea kitabu cha shule kwa sauti. Mtoto alisoma vizuri, bila kukwama. Kwa bahati mbaya akafunua kurasa mbili kwa pamoja, lakini sauti yake haikukatika. Aliendelea na maneno ya ule ukurasa uliorukwa kama vile uko mbele ya macho yake. Mama Elia aliweka mwiko chini. Akaja, akaweka kidole juu ya neno moja tu katikati ya mstari, akamwambia alisome. Mtoto akatazama picha, akamtazama mama yake, kisha akanyamaza.

Alikuwa amekikariri kitabu kizima.

Mama mwenzetu alitusimulia habari hii Jumatano, baada ya kipindi chetu cha akina mama. Alikuwa akicheka, lakini kilikuwa kile kicheko cha mtu aliyeaibika. "Miaka mitano namlipia daftari na sare," alisema, "kumbe nimelea kasuku." Hatukujua la kumjibu, kwa sababu kila mmoja wetu alianza kumfikiria wa kwake nyumbani. Tuulizane kwa uaminifu, wasomaji wapendwa: ni wangapi kati yetu tuna kitabu kimoja cha hadithi ndani ya nyumba, ukiondoa Biblia, kitabu cha nyimbo na vile vya shule? Tulipohesabu siku ile, katika nyumba zetu tano vilipatikana vitabu vitatu, na kimoja kilikuwa kinatumika kuzuia mlango usigonge.

Basi tukaanzisha kibubu. Kila mmoja alitoa kidogo kila wiki, tukauza na maandazi siku za Jumapili kwa ruhusa ya wazee wa kanisa. Kufikia mwezi wa Juni tulikuwa na shilingi 412,000. Nia ilikuwa kununua vitabu vya watoto wa mtaa wetu, viwekwe katika kabati barazani kwa Mwalimu, mstaafu wetu, ambaye ndiye mwenye baraza pana na moyo mpana zaidi. Waume zetu hawakutuzuia, ila Baba Baraka alituuliza kama vitabu siku hizi vinaliwa na kachumbari. Tulimwacha na kachumbari yake.

Tungeweza kuagiza kwa simu. Lakini Mwalimu alikataa kata kata. Alisema kitabu cha mtoto hakinunuliwi bila kukishika, kukifungua na kusoma ukurasa mmoja wa katikati, maana ukurasa wa kwanza kila mwandishi huutengeneza vizuri. Kwa hiyo tulikubaliana kwenda Dar es Salaam wenyewe, kila mmoja kwa nauli yake, na kuzunguka maduka ya vitabu ya katikati ya mji kwa miguu.

Siku hizi kutoka Morogoro si safari ya kutisha tena. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam, na mwendo wenyewe haufiki saa mbili. Tatizo ni kwamba kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje ya mji, hivyo tuliamka saa tisa usiku kama watu waendao mnadani. Ilikuwa Alhamisi ya likizo, hali ya hewa ya kipupwe, na kila mmoja alivaa viatu vya chini. Mama Tumaini peke yake alivaa vyenye kisigino, akidai kwamba huwezi kuingia mjini kama unakwenda shambani. Tutarudi kwenye viatu hivyo.

Stesheni mpya iko karibu kabisa na ile ya zamani ya reli ya kati, na ukitoka hapo hufiki mbali kabla ya kuuona Mnara wa Saa. Hapo ndipo tulipoanzia kuushika Mtaa wa Samora. Mtaa huu umebadilishwa jina kila mji ulipobadilisha wakubwa. Wakati wa Waingereza uliitwa kwa jina la miti ya mikakaya, kama ulivyoitwa na Wajerumani kabla yao. Baada ya uhuru ukawa Mtaa wa Uhuru kwa Kiingereza, na baadaye ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Leo umejaa mabenki, maduka ya simu na watu wanaokimbia. Mtu aliyekuja kutafuta vitabu anaweza kuupita wote asijue kwamba humo limo duka lenye historia kubwa kuliko mengi ya nchi hii.

Duka hilo ni la TPH. Herufi hizo tatu ni za shirika la uchapaji vitabu la taifa, Tanzania Publishing House, lililoanzishwa mwaka 1966. Walioishi katika miaka ile wanakumbuka kwamba Dar es Salaam ulikuwa mji wa wasomi na wapigania uhuru kutoka pande zote za Afrika, na vitabu vilivyochapwa hapa vilisomwa mbali. Kile cha Walter Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa na shirika hili mwaka 1972, kwa ushirikiano na wachapishaji wa London, wakati mwandishi akifundisha Chuo Kikuu pale Mlimani. Aliyeliongoza shirika kuanzia mwaka huo ni Walter Bgoya, ambaye baadaye, mwaka 1991, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Mkuki na Nyota. Na ni kampuni hiyo iliyolichukua duka la Samora na kulihuisha.

Ndani kuna utulivu ambao hauutarajii ukiwa umetoka kwenye honi za magari. Kitu cha kwanza kilichotugusa ni kuona Kiswahili kimejaa rafuni, tena si kwa kona moja ya huruma. Shaaban Robert yupo mstari mzima. Mwalimu alipoona kitabu chenye maisha ya Siti binti Saad, alikishika kwa mikono miwili. Alikisoma akiwa msichana wa shule, alisema, akakiazima kwa mtu, na tangu hapo hajakiona tena. Alikinunua kwa pesa yake, si ya kibubu. Tulimwona akikifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Hapa ndipo pia tulipogombana kwa mara ya kwanza. Mama Tumaini, ambaye binti yake yuko kidato cha pili, aliuona *Rosa Mistika* wa Euphrase Kezilahabi akauliza kama ni kitabu cha kidini, kwa ajili ya lile jina. Mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa kusomwa mashuleni kwa sababu inasema waziwazi mambo yanayowapata wasichana. Inamhusu binti aliyelelewa na baba mkali mno, mwenye kuchapa kwanza na kuuliza baadaye, na yaliyompata binti huyo alipotoka nje ya mikono ya baba. Mama Baraka alisema kitabu cha namna hiyo hakiingii katika kabati lililonunuliwa kwa maandazi ya kanisa. Mwalimu akajibu kwamba yeye alikisoma kwa kujificha, na laiti mama yake angekisoma kabla yake. Wakavutana pale mbele ya mwenye kaunta, ambaye alijifanya anahesabu risiti.

Mwishowe Mama Tumaini aliamua mwenyewe. Alikinunua kwa pesa yake akasema, "Nitakisoma mimi kwanza, nikimaliza nitajua kama naweza kukaa naye chini." Mama Baraka hakuridhika, na mpaka leo hajaridhika. Tunalieleza hili kwa sababu akina mama wengi wanadhani suala la vitabu ni suala la pesa tu.

Shida yetu kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya Mama Elia. Vitabu vya watoto wanaoanza kusoma vipo: herufi kubwa, mistari michache, picha ya kuku. Lakini mpe kijana wa miaka 11 kitabu cha kuku mbele ya wenzake, uone kama atakishika. Na vile vinavyolingana na umri wake vina maandishi madogo na maneno mengi ambayo yangemvunja moyo kwenye ukurasa wa kwanza. Mama Elia alizunguka rafu ya watoto mara tatu. Alivirudisha vitabu vyote. Tulinunua vya watoto wengine, tukalipa shilingi 148,000 baada ya kuombea punguzo (omba punguzo, usione haya, hasa ukinunua vingi), tukatoka.

Mbele kidogo ya mtaa huo imesimama Sanamu ya Askari, ambayo wengi wetu tumeipita mara nyingi bila kuisoma. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yake yamechongwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi hizi zetu za kawaida na pia kwa herufi za Kiarabu. Tulisimama hapo tukifikiri kwamba babu zetu wa pwani walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi zile muda mrefu kabla ya shule za wamisheni. Wale wabeba mizigo ndio waliouachia mtaa wa Kariakoo jina lake, maana kambi yao ilikuwa kule, na jina la kikosi kwa Kiingereza midomoni mwa watu likawa Kariakoo.

Katika sehemu hii ya mji ndipo walipo wauza vitabu wa barabarani. Zamani walikuwa wengi zaidi. Mnamo Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa, na vitabu navyo viliondoka pamoja na soksi na chaja za simu. Baadhi wamerudi kwa namna yao, wakiwa na meza ndogo au turubai lililotandikwa chini. Ni lazima uiname, upekue. Utaona kitabu cha uhasibu juu ya kitabu cha mapishi ya Kizungu, chini yake hesabu za kidato cha nne, chini yake riwaya ya mapenzi isiyo na jalada.

"Shikamooni mama zangu," kijana mmoja alituamkia. "Karibuni, hapa hata kitabu cha babu yako utakiona."

Hakusema uongo. Mama Baraka, yeye aliyetaka vitabu vya dini, ndiye aliyeokota hazina ya siku ile: utenzi wa Injili wa Mwalimu Nyerere. Wengi wanajua kwamba Baba wa Taifa aliwatafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi wa Shakespeare. Wachache wanajua kwamba katika miaka yake ya mwisho aliziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika mashairi ya Kiswahili, vikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Mama Baraka alikipata kimoja, jalada limekunjika kona, kwa bei ya sahani ya chipsi. Alianza kukisoma kwa sauti ya kughani palepale kando ya barabara, na kijana wa vitabu akasimama kumsikiliza hata akamsahau mteja mwingine.

Tulinunua hapo vitabu kumi na viwili kwa shilingi 46,000. Kimojawapo kilikuwa *Hekaya za Abunuwasi*, kimechakaa, rangi ya karatasi imekuwa kama chai ya maziwa. Mama Elia alikichagua kwa sababu moja tu: hakikuwa na sura ya kitabu cha mtoto mdogo. Kilionekana kitabu cha mtu mzima, lakini hadithi zake ni fupi fupi na za kuchekesha. Tulifungua mwanzo, tukafungua mwisho, tukaona sawa. Mwalimu alikuwa upande wa pili anatafuta maji ya kunywa, kwa hiyo hakuna aliyefungua katikati.

Kutoka hapo tuliteremka kuelekea baharini, mahali makanisa mawili ya zamani yanapoitazama bandari: Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri, yote yakiwa kazi ya wakati wa Wajerumani. Tulikaa kivulini tukala mihogo na samaki tuliyoibeba. Mama Tumaini alivua viatu vyake vya kisigino, akavitia mfukoni, akavaa kandambili alizonunua kwa mpita njia kwa shilingi elfu tatu. Hakuna aliyesema neno. Katika duka dogo la vitabu vya dini lililo karibu tulitumia shilingi 60,000 kwa hadithi za Biblia zenye picha na Biblia mbili za Union Version. Tafsiri hiyo ilikamilika mwaka 1952, na maneno yake ndiyo yaliyokaa vichwani mwetu, hata kama Habari Njema ni nyepesi kwa watoto.

Tulimwuliza mama aliyekuwa akiuza hapo kwa nini siku hizi mikoani maduka ya vitabu yamegeuka kuwa ya madaftari na kalamu. Maelezo yake yalitufungua macho, nasi tuliyalinganisha na anayoyajua Mwalimu kutoka kazini. Zamani kulikuwa na Tanzania Elimu Supplies, shirika la serikali lililosambaza vitabu na vifaa vya shule mpaka mikoani. Lilipodhoofika, na serikali mwaka 1991 ikaruhusu wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada, wengi walijitokeza, na pesa waliyoipata kwenye vitabu vya shule ndiyo iliyowawezesha kuchapa hadithi. Baadaye, katika miaka ya 2010, kazi ya vitabu vya kiada ilirudishwa kwenye Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu ilikuwa nzito: vitabu vilikuwa vingi mno kwa somo moja na vingine vina makosa. Lakini mchapishaji aliyekuwa akila kwa mkono wa kiada akabaki na ziada peke yake, na ziada hainunuliwi na mtu ila wewe na mimi. Duka la Morogoro litaleta vipi kitabu cha hadithi ikiwa kwa mwaka mzima hakuna mama aliyekiulizia?

Hatukuwa na la kusema. Sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kuulizia.

Maktaba Kuu ya Taifa tuliipitia kwa haraka, kwa sababu si duka. Iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, yule mama shujaa aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, na ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Ina sehemu ya watoto, nawe uendaye Dar na wanao wakati wa likizo usiishie kuwapeleka Coco Beach tu. Jua lilikuwa limepanda, mizigo imekuwa mizito, na kanga tuliyofungia vitabu ilikuwa imeanza kuchanika. Kitabu ni kizito kuliko kilo ya mchele, tumethibitisha. Miguu iligoma. Tulipanda daladala kwenda Mikocheni.

Huko Regent Estate, katika barabara tulivu yenye miti, kuna Soma, mahali ambapo si duka tu wala si maktaba tu wala si mgahawa tu. Unaweza kununua kitabu, kukaa na kukisoma, kunywa chai, au kuhudhuria mazungumzo ya wasomaji na waandishi. Mmoja wa waanzilishi ni Demere Kitunga, ambaye pamoja na mwandishi Elieshi Lema walianzisha mwaka 1989 kampuni ya uchapishaji ya E&D. Akina mama wawili, katika kazi ambayo wakati ule ilikuwa ya wanaume na mashirika! Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala za kila kitabu cha watoto kilichokubaliwa na kuzipeleka katika shule, ili mchapishaji asiogope hasara. Vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto tunavyoviona leo, vyenye picha za watoto wanaofanana na wetu, vilipata pumzi kwa njia hiyo.

Hapa Mama Elia alimsimulia dada aliyetuhudumia habari yote ya mtoto wake, waziwazi, labda kwa sababu ya uchovu. Dada yule hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Ana mdogo wake?"

Anaye, wa miaka minne.

"Basi usimpe yeye kitabu cha kuku," alisema. "Mpe mdogo wake. Mwambie kaka mtu amsomee kila jioni kwa sababu wewe unapika. Atakishika bila aibu, kwa kuwa si chake. Usimsimamie, usimrekebishe. Wewe pika."

Mama Elia alinunua sita hapohapo, vyenye herufi kubwa kuliko vyote. Sisi wengine tulichukua vya wakubwa kidogo, tukalipa jumla ya shilingi 120,000. Kibubu kilibaki na shilingi 38,000, tukazipitishia Kariakoo kununua karatasi za kufunikia, gundi na daftari gumu la kuandikia waazimaji, kisha tukakimbilia treni ya jioni. Tulihesabu vitabu ndani ya behewa. Abiria wa kiti cha jirani, mzee mwenye kofia, aliomba cha kusoma njiani, akapewa, akasoma mpaka Morogoro, na tulilazimika kumnyang'anya kwa upole.

Kabati lilitengenezwa na Baba Baraka, yule wa kachumbari. Hakuombwa, alikuja na mbao.

Wiki ya tatu baada ya kufungua, jioni, Elia alikuja barazani kwa Mwalimu amekasirika. Mkononi alikuwa na Abunuwasi. Alisema kitabu hiki ni kibovu, na mtu aliyekiuza ni mwizi. Mwalimu alikichukua akakiangalia: kutoka ukurasa wa 32 kilikuwa kinarukia ukurasa wa 49. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu moja zima lilikuwa limechomoka, pengine miaka mingi kabla hatujazaliwa na mtoto huyu hajafikiriwa. Uzi ulionekana bado.

Mwalimu alimwuliza alijuaje. Elia akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Si hadithi imekatika?" alisema. "Abunuwasi ameshaitwa mbele ya Sultani, halafu ukifunua hayupo."

Mwalimu hakumwambia lolote zaidi. Alimpigia simu Mama Elia palepale, naye akaja mbio na upawa mkononi, akifikiri mtoto ameumia. Tumeandika jina la kitabu hicho katika karatasi, na mmoja wetu anakwenda Dar mwezi ujao kwa msiba wa shangazi yake. Amekwisha kuambiwa na Elia mara mbili kwamba afungue katikati kabla ya kulipa.